Kato Alitoka Lini?

Mashahidi kumi na mmoja waliapa kwamba Kato alikuwepo Ijumaa. Sajini Kulusum aliyasoma maelezo yao Jumatatu asubuhi, moja baada ya jingine, na alipomaliza la mwisho alilifunga faili kwa kishindo. Miaka kumi na tisa katika upelelezi, hajapata kuona watu kumi na mmoja wa Wandegeya wakikubaliana hata juu ya upande jua linakochomoza. Hawa walikubaliana kwa neno moja: Ijumaa Balongo ilikuwa moto.

Kato si mtu. Ni kadi ya picha, dude la chuma na feni lenye ukubwa wa tofali, ambalo hukaa ndani ya kompyuta na kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo. Huzaifa, mwenye ukumbi wa gemu nyuma ya soko la Wandegeya jijini Kampala, alinunua mbili za aina moja miaka saba iliyopita, akazipachika ndani ya kompyuta moja, akaziunganisha kwa kidaraja cha plastiki. Akaziita Wasswa na Kato, kama Waganda wanavyowaita mapacha wa kiume. Kompyuta yenyewe ikawa Balongo, yaani mapacha. Naye Huzaifa, Mnubi wa Bombo ambaye mkewe hajajifungua pacha hata kwa ndoto, akaitikia jina la Ssalongo, baba wa mapacha, na wanafunzi wa hosteli wakalipa mara mbili ili wakae mbele ya Balongo. Jina likileta wateja, nani atalikataa?

Jumamosi saa kumi na moja jioni Kato alionekana hayupo. Aliyekuwa ameshika bisibisi ni fundi wa ukumbi, Anselme, mkimbizi kutoka Bukavu. Huzaifa akamnyooshea kidole, na vijana hawakungoja polisi. Anselme alifika kituoni akiwa amepasuliwa juu ya jicho.

"Unangoja nini, Sajini?" OC Olweny, mkuu wa kituo, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mashahidi kumi na mmoja. Kidaraja imepatikana kwa mukoba yake. Saa arobaini na nane zinaisha leo jioni. Peleka huyo mutu kotini."

"Kadi yenyewe haijapatikana, afande."

"Mwizi huwa anatembea na mali ya wizi siku tatu? Ameuza."

"Alipelekwa mahabusu nusu saa baada ya kufungua kompyuta. Auze saa ngapi?"

OC alikunywa chai yake, akaondoka.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa Emérence, mke wa Anselme, tangu alfajiri. Alikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake barua moja. Kulusum aliisoma akiwa amesimama. Ofisi inayowapeleka wakimbizi kuishi nchi za mbali ilikuwa ikiwaita Anselme, mkewe na watoto wao watatu kwenye mahojiano ya mwisho. Leo, saa tisa alasiri.

"Tunangoja miaka saba, mama," Emérence alisema. "Na balituambia, mutu akiwa na kesi kwa polisi, dosiye, ile faili ya bote, inawekwa pembeni."

"Pembeni mpaka lini?"

"Habasemi. Ya jirani yetu baliiweka pembeni, sasa ni mwaka wa nne."

Kulusum alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo.

*

Anselme alitolewa mahabusu akiwa pekupeku, kichwa kimefungwa kipande cha kitenge cha mkewe. Alikaa wima kwenye kiti.

"Nani alikupa ufunguo wa Balongo?"

"Bibi ya bosi. Bosi alikuwa ameenda Kibuli kwa harusi ya mutu. Mashine ikaanza kuzimika yenyewe kwa joto, vijana banapiga kelele, iko mashindano. Bibi akamupigia simu, hashiki. Akanipa ule ufunguo wa akiba."

"Uliushika mara ngapi kabla ya hapo?"

"Hata mara moja. Niko pale miezi tano, mama. Balongo anaifungua yeye peke yake, ufunguo uko kwa mukaba yake. Mi natengeneza zile zingine."

"Ulipofungua uliona nini?"

"Nilipuliza vumbi kwanza. Vumbi mingi, mpaka batu bakakohoa. Ilipoisha ndiyo nikaona kadi iko moja."

Kulusum alishusha pumzi kwa uchungu. Vumbi lingesema. Mahali kadi ilipokaa mpaka Ijumaa pangekuwa safi, na mahali palipobaki wazi kwa muda mrefu pangekuwa pamejaa. Mtu huyu aliufuta ushahidi wake mwenyewe kwa mashine ya kupulizia, kwa sababu alifundishwa kazi vizuri.

"Na kidaraja kiliingiaje kwenye mkoba wako?"

"Kilikuwa kinaning'inia. Upande moja umeshika Wasswa, upande ingine haushiki kitu, unagusa feni. Nikakitoa, nikakiweka kwa mukoba nimuulize bosi akirudi."

"Akarudi."

"Akarudi. Akakuta batu bamezunguka mashine, bote banauliza Kato iko wapi. Akabatazama. Akanitazama mi. Halafu akanionyesha kidole."

"Anselme, nina watu kumi na mmoja wanaosema kwamba Ijumaa Balongo ilikuwa na nguvu ya kadi mbili."

Anselme alicheka, kicheko kikavu, akashika kidonda chake.

"Kato angekuwa ndani ama nje, nguvu ni ile ile. Hana kazi, mama. Hakuwa na kazi miaka mingi."

"Eleza taratibu. Mimi kompyuta naandikia ripoti tu."

"Kitambo gemu zilijua kugawa kazi. Wasswa anachora picha hii, Kato anachora ile inayofuata, kidaraja kinabapatanisha. Lakini kugawa ni kazi nguvu. Picha zinachelewana, zinarukaruka kwa kioo. Na mwenye kuandika ule mugawo ni yule anayetengeneza gemu. Akaangalia, batu benye kadi mbili ni bachache sana duniani. Akajiuliza, ya nini niteseke? Akaacha. Benye kutengeneza kadi nao bakaona, bakaacha hata kuweka mahali pa kidaraja. Gemu ya leo inamuona Wasswa peke yake. Kato anakaa pale, anakula umeme, anatoa joto, hakuna anayemuita."

"Huzaifa anajua haya?"

"Sijui. Niliogopa kumuambia. Ile mashine ndiyo jina yake."

*

Kidaraja kilikuwa ndani ya bahasha ya vielelezo, kwenye droo ya Kulusum. Alikimwaga mezani. Kilikuwa utepe mweusi wenye urefu wa kidole, na kila ncha ilikuwa na mdomo wa kushikia kadi. Tangu Jumamosi kituo kizima kilikitazama kama kamba ya kumnyongea Mkongo, na hakuna aliyekitazama kama kitu.

Alichomoa pini kwenye hijabu yake, akaipitisha ndani ya mdomo wa kwanza. Pini ilitoka inang'aa. Akaipitisha ndani ya mdomo wa pili. Ilitoka na utandu mweusi, mzito, wa mafuta. Akaunusa.

"Haki ya Mungu," alisema peke yake. Ilikuwa harufu ya mafuta ya chapati.

Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akamwambia Emérence asiondoke, akashika njia ya soko.

Ukumbi wa Huzaifa una dirisha moja, na chini ya dirisha hilo yupo mkaanga rolex ambaye hukunja mayai ndani ya chapati tangu asubuhi. Moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta hauna pa kwenda ila ndani. Kulusum alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, kikanasa.

"Dada yangu Kulusum!" Huzaifa alitoka nyuma ya kaunta, mikono miwili mbele. "Asalaam aleikum. Umekuja kuniambia ameshitakiwa?"

"Waaleikum salaam. Nimekuja kucheza gemu. Niwashie Balongo."

"Balongo? Dada, Balongo iko na kadi moja sasa. Imekuwa mugonjwa."

"Hivyo hivyo."

Kati ya vijana waliokuwepo, Kulusum alimwita Bonny, mwanafunzi mrefu wa uhandisi, shahidi wake namba moja. Bonny ndiye aliyepiga ngumi ya kwanza Jumamosi. Faili halikusema hivyo, lakini vifundo vya mkono wake vilikuwa bado vimechubuka.

"Bonny, kwenye maelezo yako umesema Ijumaa Balongo ilikuwa inachora picha tisini kwa sekunde."

"Ndiyo afande. Tisini, na wakati mwingine tisini na mbili. Hizo ni kadi mbili hizo. Ukicheza siku nyingi unasikia nguvu kwa vidole."

"Kadi moja ingefanya ngapi?"

"Aa, hamsini. Ikijitahidi sana, hamsini na tano."

"Kaa. Cheza ile ile ya Ijumaa, uwanja ule ule. Namba inaandikwa wapi?"

Bonny alimwonyesha tarakimu ndogo kwenye pembe ya kioo, akaanza kucheza. Vijana wengine walisogea. Huzaifa alikwenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa.

"Soma namba," Kulusum alisema.

Bonny alisogeza uso karibu na kioo.

"Bonny, macho yangu ni ya uzee. Soma kwa sauti."

"Tisini na moja," Bonny alisema.

"Banange!" mtu akashangaa nyuma.

"Labda leo umeme ni mzuri," Bonny alijitetea, masikio yamemwiva. "Afande, mimi nilisikia tofauti. Wallahi nilisikia."

"Umeme wa Kampala ulianza lini kuwa mzuri? Ulisikia jina, mwanangu. Jina ni zuri sana, hata mimi nimelipenda. Sasa zima hiyo kitu. Huzaifa, lete ufunguo."

Balongo ilikaa ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa sakafuni, na kufuli. Huzaifa alifungua taratibu mno, akitafuta ufunguo ambao aliushika tayari. Kulusum alimwamuru amchomoe Wasswa, akaingiza pini mpya ndani ya tundu alimokuwa amechomekwa. Pini ilitoka safi. Akamwonyesha Bonny. Akaingiza nyingine ndani ya tundu la Kato. Ilitoka imevaa utandu mweusi wa mafuta kama ule wa kidaraja.

"Moshi wa siku mbili, dada," Huzaifa alisema haraka. "Tangu Jumamosi hilo tundu liko wazi."

"Hili la chini limewahi kuwa na kadi?"

"Hapana, hilo halitumiki."

Aliingiza pini ya tatu kwenye tundu la chini, lililokaa wazi miaka saba. Utandu wake ulikuwa mnene zaidi, umekauka kama gundi. Kulusum alizipanga pini tatu juu ya karatasi nyeupe: safi, chafu, chafu mno.

"Mashine ya kupulizia inaondoa vumbi," alisema. "Mafuta yaliyoganda haiyaondoi. Bonny, mama yako ana sufuria ya kukaangia? Utandu huu unapatikana kwa siku mbili?"

Bonny aliziinamia pini. "Hapana, afande. Hii ni miezi. Ni mwaka."

"Andika ulichoona. Weka saini na saa." Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

*

Kujua kwamba Kato alitoka zamani ni jambo moja. Wakili yeyote angesema, sawa, lakini zamani lini, maana Anselme alikuwepo miezi mitano. Kulusum alihitaji tarehe, na tarehe aliikuta kwa Zuleika, anayeuza vipuri vya kompyuta kwenye kontena karibu na maduka ya kuchapisha. Mafundi wote wa Wandegeya hununua kwake.

"Ssalongo?" Zuleika alicheka hata kabla swali halijaisha. "Huyo kwangu ni mutu wa mbili mbili. Feni mbili, dawa ya kupoza joto mbili. Kuna siku feni ya Wasswa ilikufa, ya Kato nzima kabisa, akanunua mbili. Nikamuuliza, Ssalongo, pesa inakuwasha? Akaniambia, pacha huwezi kumuvika mumoja ukaacha mwenzake uchi, utaleta balaa kwa nyumba. Na ni kweli. Waganda ndivyo wanavyolea mapacha."

"Na siku hizi?"

Zuleika aliacha kucheka. "Siku hizi anachukua moja."

"Tangu lini? Fikiri vizuri."

"Ramadhani ya mwaka jana, mwanzoni, alichukua mbili, nakumbuka alikuja kabla ya kufuturu. Baada ya Idi akaja, akataka feni moja. Nikashika ya pili mukononi, nimemunyooshea, akasema hiyo rudisha. Afande, mimi sikuuliza. Pacha akifa watu hawasemi amekufa, wanasema ameruka. Nilidhani ndiyo hivyo, nikaona ni vibaya kutaja."

Idi ya mwaka jana. Anselme wakati huo alikuwa hajui hata ukumbi ule una mlango upande gani. Kulusum alihesabu miezi kwa vidole, akahesabu tena, akamwambia Zuleika afunge kontena waende kituoni kuandika.

*

Huzaifa aliletwa saa saba na nusu. Aliingia akitabasamu, akaziona pini tatu mezani, na karatasi ya Zuleika pembeni yake. Tabasamu likaisha.

"Dada, sisi ni watu wa msikiti mmoja."

"Msikitini mimi na wewe tunajua pa kusimama. Hapa unakaa ng'ambo ya meza. Kato yuko wapi?"

Alizungukazunguka dakika tano, mara alisahau, mara labda mkewe, mara labda fundi wa zamani. Kulusum alimwacha aishiwe. Mtu akidanganya bila kuulizwa, huchoka mapema.

"Nilimuuza," alisema hatimaye. "Iko mutu Makindye, anatengeneza video za harusi. Kwake Kato anafanya kazi."

"Kwako je?"

"Kwangu alikufa akiwa hai!" Huzaifa alipiga paja lake, na machozi ya kweli yalimtoka. "Niliuza pikipiki kununua wale wawili. Mwaka wa kwanza, dada, ungeona! Watu walitoka mpaka Entebbe kuja kutazama. Halafu ikaja gemu mpya, Kato kimya. Ikaja nyingine, kimya. Nikasema nitangoja, wataleta dawa. Miaka mitatu nimengoja. Nikamununulia feni, nikamupaka dawa, mutu ambaye hafanyi kitu. Nikasoma kwa mutandao kwamba wenyewe wameacha, kadi mbili hazina mwenyewe tena. Mimi pia niliibiwa!"

"Lakini jina ukalibakiza. Na bei ya mara mbili."

"Walikuwa na furaha. Muulize Bonny. Niliwanyang'anya nini? Walitaka mapacha, niliwapa mapacha."

"Na Anselme? Yeye ulimpa nini?"

Hapo Huzaifa alitazama sakafu.

"Niliogopa. Vijana zaidi ya ishirini, wamekunja ngumi. Wangejua mwaka mzima nawatoza kwa kadi ambayo haiko, wangenichoma pale pale na viti vyangu."

"Ukaona bora wamchome yeye."

"Yeye ni Mukongo, dada. Hao wanangoja ndege tu. Nikajua ataondoka kwenda huko Ulaya, atasahau, na mimi nabaki hapa na watoto wangu."

Kulusum alisimama, akaenda dirishani, akampa mgongo. Alikuwa ametaka kumzaba kibao, na alijua kwamba akimzaba tu kesi imekufa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

*

OC Olweny alisikiliza yote akiwa amefumba macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mia mbili na gari moja.

"Umefanya kazi safi," alisema. "Sasa nisikilize. Unataka kumufungulia Huzaifa kesi ya kudanganya polisi?"

"Ndiyo afande. Leo hii."

"Basi Mukongo ni shahidi wako wa kwanza. Jina yake inabaki kwa faili hii hii mpaka mwanasheria wa serikali aisome. Wiki mbili, labda mwezi, wakiwa na haraka. Na shahidi wa serikali hasafiri mpaka atoe ushahidi. Mahojiano yake ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Lakini mulalamikaji akiondoa malalamiko yake mwenyewe, mimi nafunga faili sasa hivi, na unamupa barua." OC alifumbua macho. "Chagua."

Huzaifa alikubali kuondoa malalamiko. Angekataa vipi? Ila alikuwa na neno moja, na alilisema huku amekunja mikono kifuani kwa adabu. Fomu iandikwe kwamba amemsamehe. Isiandikwe kwamba alikosea.

"Nikirudi kule mikono mitupu wataniuliza, Ssalongo, kama si fundi, Kato iko wapi? Bonny ameshaanza kuwatia maneno. Nikiwa na karatasi ya polisi kwamba nimesamehe, watanyamaza. Bila hiyo, andika kesi yako, dada. Mimi nitatafuta wakili, na huyo fundi atangoja."

Alijua. Mshenzi huyo alijua saa ilivyokwenda kuliko wao wote.

Kulusum alikwenda mwenyewe mahabusu, akamweleza Anselme pale kwenye vyuma, Emérence akiwa pembeni yake. Hakupamba neno. Alimwambia kwamba anajua hakuiba, kwamba anao ushahidi wa kumfunga Huzaifa, na kwamba ushahidi huo utambakiza Anselme Kampala.

"Asamehewe nini?" Emérence aliuliza kwa sauti kubwa hata askari wa zamu akageuka. "Yeye ndiye aliyepasuliwa kichwa! Anselme, usitie mukono. Usitie!"

"Kule bakiniuliza kama niliiba?" Anselme alimwuliza Kulusum.

"Barua yangu itasema faili limefungwa na hudaiwi kitu. Haitataja msamaha."

"Na ile ya msamaha?"

"Itabaki hapa kituoni."

"Siku ngapi?"

Kulusum hakuweza kumdanganya. "Siku zote."

Anselme alitazama mikono yake. "Saa ni ngapi, mama?"

"Nane na dakika kumi na tano."

"Na boda, mpaka pale ofisini?"

"Dakika ishirini na tano, njia ikiwa nzuri."

"Batoto bameoga?" alimwuliza mkewe.

Emérence alifunika uso kwa viganja. "Bameoga. Dada yangu yuko nabo pale nje."

"Basi mama, leta karatasi."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Utaratibu unataka mshukiwa asomewe kwa lugha anayoielewa, ayarudie maneno kwa kinywa chake mbele ya mlalamikaji na mkuu wa kituo, halafu atie saini. Walisimama wanne ofisini kwa OC. Emérence alikataa kuingia. Kulusum alishika karatasi, akatafsiri mstari kwa mstari, na Anselme akafuata.

"Mimi, Anselme."

"Mi, Anselme."

"Nakubali kwamba mlalamikaji, kwa hiari yake na kwa moyo wa huruma, amenisamehe kosa la kuiba kadi moja ya picha."

Anselme alirudia, neno kwa neno. Huzaifa alikuwa akiangalia kalenda ya ukutani.

"Namshukuru kwa msamaha huo."

"Namushukuru kwa musamaha huo."

Mstari wa mwisho ulikuwa umechapwa tangu zamani, ni ule ule kwa kila mtu. Kulusum aliusoma kimya kwanza, akatafuta neno la kuupunguza makali, hakulipata.

"Na ninaahidi kutorudia tena kosa langu."

Anselme aligusa kidonda chake. Damu ilikuwa imelowesha kitenge juu ya jicho. Nje mtoto alisikika akiuliza kama baba anakuja, na sauti ya mwanamke ikamnyamazisha.

"Na ninaahidi," Anselme alisema, "kutorudia tena kosa langu."

"Ameelewa?" OC aliuliza, muhuri mkononi.

"Umeelewa?" Kulusum alimwuliza.

"Nimeelewa, mama."

Huzaifa alinyoosha mkono, na Anselme akaushika, kwa sababu ilikuwa saa nane na nusu na mlango ulikuwa nyuma ya mkono ule. Akasema asante, bosi. Kisha akatia saini, akaweka kalamu chini polepole, akachukua barua yake, akatoka mbio.

Ilibaki nafasi moja chini ya ukurasa, ya afisa anayethibitisha kwamba kwa ufahamu wake maelezo yote yaliyotangulia ni ya kweli. OC alimsogezea karatasi kwa kidole.

"Hapa, Sajini. Jina, namba, na tarehe."

Kulusum akaichukua kalamu, akaandika jina lake lote.